Sauti Iliyofungiwa Stoo

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Bwana asifiwe sana. Sisi huku wazima, isipokuwa shemeji yako ana mgongo na mimi nina hasira. Mgongo utapona.

Naandika kwa kalamu kwa sababu namba yako haipatikani tangu Novemba, na ile nyingine anapokea mwanamke anayesema hakujui. Kwa hiyo natumia sanduku la posta ulilompa Mama. Ukiipata barua hii, usije ukasema hukuipata.

Mama tumemhamishia kwetu moja kwa moja. Macho yamezidi. Sasa anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Lakini masikio yake bado ya msichana. Anajua nani kaingia kwa namna anavyovua viatu. Karakana yangu inakwenda vizuri, sare za shule zimejaa mpaka kwenye kiti cha wageni. Na wewe hujambo? Hao wahubiri unaowarekodi hawakuchoshi? Mama huwaambia wanakwaya wenzake kwamba mwanawe yuko studio ya mahubiri, na hulisema kwa sauti ili na wa benchi la nyuma wasikie.

Sasa jambo lenyewe. Kitinda mimba wangu, yule tunayemwita Kiherehere, ametimiza miaka saba na jina linazidi kumkaa. Jumapili iliyopita mwalimu wao wa kanisani aliwasimulia habari za yule jitu wa vitani na kijana mchunga kondoo, halafu akauliza nani anaweza kuigiza. Nani mwingine? Akasimama, akapiga dawati mara mbili, akatoa sauti nzito sijui kaichimba wapi, akaunguruma weee, kisha akamtukania mchunga kondoo mama yake. Tusi zima zima. Mbele ya watoto thelathini na mke wa mchungaji aliyekuja kugawa biskuti.

Na mimi ndiye mwenyekiti wa Nyumba Safi! Sikukuambia: umoja wa wanawake tunapita nyumba kwa nyumba, familia inaahidi kwamba filamu chafu na miziki ya matusi haitaingia ndani, nasi tunawabandikia kibandiko cha bluu mlangoni. Mlango wa kwanza kubandikwa ni wangu.

Nilipochunguza nikakuta flashi nyuma ya televisheni. Filamu za kigeni, zote zimesimuliwa na mtu mmoja anayejiita Koo la Chuma. Unawajua watu hawa: filamu inakwenda, yeye anazungumza juu yake kwa Kiswahili, anawasemea wote, wanaume, wanawake na farasi. Huyu ni fundi, silikatai. Lakini mtu kwenye filamu akiomba maji, yeye anamtafsiria tusi.

Na unajua nani alikuwa sebuleni na watoto muda wote huo, mimi nikiwa karakana? Mama. Mama aliyeanzisha kwaya! Nilipomuuliza kanijibu, "Mwanangu, si unajua mimi sioni kitu." Kwani matusi yanaonekana?

Naomba mambo mawili. Wewe uko kwenye mambo ya sauti, nitafutie huyo Koo la Chuma ni nani na anapatikana wapi, tunataka kumwandikia. La pili, njoo. Miaka sita tangu tumzike Baba hujakanyaga hapa. Siku ile ulipewa Maandiko usome kaburini ukayashika tu, ukanyamaza, na kesho yake ukaondoka kabla ya chai. Sikuulizi tena. Njoo tu.

Dada yako.


11 Machi

Dada yangu, mwenyekiti mheshimiwa,

Salamu nyingi. Nimeipata barua, sisemi sikuipata. Ilikaa sandukuni kwa sababu sipiti huko kila wiki. Mimi ni mzima, kifua kidogo tu. Mpe shemeji pole ya mgongo, mwambie aache kuinua mafurushi yako ya sare.

Kiherehere amenichekesha mpaka jirani akagonga ukuta. Watoto walifanyaje alipounguruma? Waliogopa au walicheka? Hukuandika.

Kuhusu huyo msimulizi, mji huu ni mkubwa, Dada, na studio ni nyingi kama vioski. Wengi wao ni watu wa kawaida tu. Kuna walioanza wakitaka kazi nyingine kabisa, kazi ile ikawakataa, wakabaki na koo lao. Wateja wanataka matusi. Msimulizi asipoyatia, filamu inarudishwa. Sisemi ni vizuri. Nasema tu usidhani anakaa chini kuwawinda watoto wako.

Usiwe mkali sana. Kaa utazame nao, pale penye neno baya izime, uwaeleze. Ukifunga kila kitu watakwenda kutazama kwa jirani.

Na Mama, anapofuatilia hizo filamu, anakaa upande gani? Anacheka? Anasema chochote? Niandikie.

Pasaka sitaweza kuja, kazi zimebanana.

Mdogo wako.


29 Machi

Mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Nilikuomba mawili, umenitimizia mangapi? Hata moja. Badala yake umeniuliza wewe maswali matano na ukanipa semina ya malezi, wewe ambaye hujalea hata paka.

Tuko wazima. Binti mkubwa amefaulu hesabu, shemeji yako sasa anainama.

Televisheni nimeivisha shuka nikaifungia stoo, kati ya majora ya vitambaa na baiskeli mbovu. Ufunguo nimeufunga kiunoni, nalala nao na kuamka nao. Watoto walilia siku mbili wakazoea. Asiyezoea ni Mama.

Siku ya kwanza aliuliza, "Imekwenda wapi?" kana kwamba nimemfukuza mgeni wake. Siku ya pili akahamisha kiti chake cha kamba mpaka ukuta wa uani. Unajua upande wa pili wa ukuta ule kuna nini? Kinyozi! Anawawekea wateja filamu tangu anapofungua mpaka anapofagia nywele, na msimulizi ni huyo huyo. Mama ameegemeza sikio ukutani kama mtu anayesikiliza kama maji yanapita kwenye bomba.

Ningevumilia. Lakini Jumanne nimetoka karakana kumpelekea chai, kiti kitupu. Nimezunguka mtaa mzima na sindano bado imechomekwa kifuani. Kumbe kapapasa ukuta mpaka mlangoni kwa kinyozi, kaingia, kakaa kwenye benchi katikati ya vijana wanaosubiri kunyolewa, ametulia, mikono mapajani, kama yuko ibadani. Na nani alikuwa kwenye kiti, na sabuni shavuni? Mchungaji! Alinitazama kwenye kioo, mimi nikamtazama kwenye kioo, hakuna aliyesalimia.

Nimechoka. Nimemwambia Mama, "Hayo ni matusi, Mama, unayasikia?" Akasema, "Nayasikia. Ni mabaya sana." Halafu akauliza kesho kinyozi anafungua saa ngapi.

Sasa nakutumia bahasha nyingine ndani ya hii. Ni barua ya umoja wa wanawake kwa Koo la Chuma. Ina sahihi arobaini na tatu, ya kwanza yangu, na maneno nimeyatunga mimi. Hatukumficha kitu, tumemwambia anachafua vinywa vya watoto na kwamba kama ana mama, mama huyo anaona aibu. Mama peke yake ndiye aliyekataa kuweka dole gumba. Uliza studio yoyote, mtafute, umpe mkononi. Usipofanya hili moja nitajua nina ndugu wa jina tu.

Dada yako.


20 Aprili

Dada,

Barua ameipata. Ameisoma mbele yangu mara mbili.

Kile kipande cha mama yake mngekiacha.

Tafadhali Mama asizuiwe kukaa anapotaka kukaa.


6 Mei

Mdogo wangu,

Sijui nianze na salamu au nianze na wewe. Haya, salamu: Mama mzima, watoto wazima, shemeji yako mzima. Mimi si mzima.

Jibu lako la mistari minne lilinitia wazimu. "Asizuiwe." Nani kakupa amri nyumbani kwangu? Nikaikunja, nikatia mfukoni, nikaenda kwa kinyozi kumtoa Mama kwa mkono. Nilikuwa nimekwisha panga na maneno. Kinyozi akanipisha kwenye benchi, nami kwa adabu nikakaa kidogo, nikisubiri Mama atafute fimbo yake.

Kwenye filamu kulikuwa na pambano. Limetokea pande la mtu, mabega kama kabati, uwanja umenyamaza. Na kabla halijafungua kinywa, nikasikia kiganja kikipiga meza. Pa. Pa. Kisha ile sauti kutoka chini ya mbavu: "Mmeniletea mtu, au mmeniletea kifungua kinywa?"

Mdogo wangu, maneno yale hayamo kwenye Maandiko. Baba aliyaongeza mwenyewe.

Umesahau? Mimi nilikuwa nimesahau, ndicho kinachoniuma. Sala ya jioni, taa ya mafuta, Baba mwinjilisti anatusomea, kila mtu ana sauti yake: mfalme anazungumzia puani, malaika wananong'ona, na akifika kwa jitu anapiga meza mara mbili, wewe unaingia chini ya gauni la Mama, na jitu linauliza kama limeletewa mtu au kifungua kinywa. Mchungaji wa zamani alimkanya, akamwambia anafanya Neno liwe mchezo. Baba akaitikia ndiyo mzee, na jioni akapiga meza tena.

Nikamgeukia Mama. Alikuwa anatabasamu huku machozi yanashuka, hajishughulishi hata kuyafuta. Nikamwambia, "Mama, ulijua?" Akasema, "Tangu filamu ya kwanza. Mdogo wako nimemzaa mimi, atanificha koo?" Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungeifunga." Na mimi nilikuwa nimekwisha ifunga.

Nilirudi nyumbani nikamwita Kiherehere, nikamwambia aigize jitu lake lote, mwanzo mpaka mwisho. Alidhani ni mtego. Akapiga meza mara mbili, akasema ile ya kifungua kinywa, akanguruma kama babu yake, aliyekufa yeye akiwa kichanga. Tusi lilikuja mwishoni tu. Miezi mitatu nimesikia tusi, sikusikia kingine.

Sasa nijibu, na usinizungushe. Tangu lini? Studio ya mahubiri ni uongo wa miaka mingapi? Nimeandika barua ile kwa mkono wangu, nimemtaja Mama ndani yake, nikakupa wewe ujipelekee mwenyewe! Nimekukasirikia mpaka naogopa kukata kitambaa.

Nijibu.

Dada.


2 Juni

Mdogo wangu, salamu. Sijapata jibu. Nimekwenda posta mara tano, karani sasa ananiona kwa mbali anatikisa kichwa.

Mama anakwenda kwa kinyozi. Nampeleka mimi.


19 Juni

Dada yangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nimeandika barua hii mara nyingi nikachana.

Studio ya mahubiri haikuwa uongo mwanzoni. Nilikaa pale mwaka na nusu. Wakanipa nisome Maandiko kwa ajili ya redio, na mimi nikasoma kama nilivyofundishwa, nikawapa kila mtu sauti yake. Wakasema nafanya mzaha. Wakaleta mwingine, anasoma kama tangazo la msiba. Mimi nikatoka na koo langu, na wa filamu wakalipokea.

Tusi la kwanza lilinishinda kutamka, niliandikiwa kwenye karatasi. La kumi sikuhitaji karatasi. Sina la kujitetea hapo. Mlichoandika ninyi arobaini na tatu ni kweli.

Sasa nikuambie la kaburini, maana ndilo lililonifukuza. Mnadhani nilinyamaza kwa uchungu. Dada, sikuwa na sauti. Habari za msiba zilinikuta siku ya tatu nasimulia mfululizo, vita tupu, kelele tupu, koo limekwisha. Mliponipa Maandiko nisome, nilifungua mdomo na hakikutoka hata kikohozi. Sauti aliyonipa Baba nilikuwa nimeimaliza kwa matusi, na siku yake ya mwisho sikuwa nayo. Watu walinishika bega, wakaniambia lia tu. Ningekuambia nini wewe? Kesho yake nikaondoka kabla ya chai.

Ndiyo sababu ya kubadilisha namba pia. Ningekupigia, ungesikia koo lilivyokwaruzika, ungeuliza, na mimi kukudanganya kwa mdomo siwezi. Kwa kalamu nimeweza.

Baada ya barua yenu nilisimulia filamu moja bila tusi hata moja. Nilijitahidi mno. Mwenye studio akasikiliza dakika kumi akasema ni chai ya mgonjwa. Filamu mbili zilizofuata kampa mwingine. Kwa hiyo umeshinda, mwenyekiti. Nimekaa chumbani nimekasirika na sijui nimkasirikie nani, wewe, yeye au mimi.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Usiogope, ni safi. Nimemsomea Mama ile habari ya jitu yote, na mfalme wa puani, na malaika nimewaongeza ingawa hawamo, kama Baba. Nilijifungia chumbani na magodoro ukutani. Ndilo somo la kaburini, limechelewa miaka sita. Mwekee. Kuja sitaweza, nitawatazamaje?

Mdogo wako.


8 Julai

Mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Wote wazima. Hata mgongo umepona.

Nimesoma barua yako chooni, ndiyo sehemu pekee ya nyumba hii yenye komeo. Nililia, kisha nikakasirika kwamba nimelia. Miaka sita nimekuhesabia kiburi kwa jambo la koo! Ungeniambia siku ile ile ningekuchemshia tangawizi, na somo ningesoma mimi.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Jumamosi nimefungua stoo, nimeitoa televisheni, nimeivua shuka. Tumekaa wote, Mama kwenye kiti chake cha kamba. Nimechomeka flashi yako. Ulivyopiga meza, Kiherehere aliruka, shemeji yako akaacha mdomo wazi. Umesoma, mdogo wangu. Baba mtupu. Nilitazama picha yake ukutani nikaona haya.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, hakutabasamu. Nikadhani hajapenda. Kisha akasema, "Sauti ninayo, nilikuwa nayo kila siku kwa kinyozi. Kwani nilikuwa nataka sauti?" Akanyoosha mikono mbele, hivi, viganja wazi, akasema, "Nataka kushika kichwa chake. Mwambie macho yangu hayaoni, kwa hiyo asiogope kutazamwa."

Mikono hakuishusha upesi. Sote tulikuwa pale, na hakuna aliyejua aiwekee nini.

Umoja wa wanawake nimewaambia Koo la Chuma ni nani. Nilisimama mbele yao nikasema. Wawili hawanisalimii tena, na mchungaji ameniuliza kama naona nafaa kuendelea na uenyekiti. Nimemjibu kwamba anayefaa zaidi amtafute kwa kinyozi. Kibandiko cha bluu sijakibandua na sitabandua. Televisheni imerudi stoo, ufunguo uko kiunoni, na usidhani nimelegea. Yale ni matusi, wewe ndiye uliyemfundisha mwanangu, na ukija utamkalisha chini umweleze mwenyewe. Sala ya jioni imekuwa kavu nyumba hii tangu Baba afe, naisoma mimi na watoto wanasinzia. Hilo nalo ni kosa, na ni langu.

Hutaki kututazama, basi usitutazame. Ingia ukiwa umefumba macho, Mama atakushika mkono. Kiti cha wageni nimekwisha ondoa sare juu yake.

Matusi uyaache kituoni. Sauti uje nayo.

Dada yako.